Glavu Pacha na Fundo la Bibi

"Ingiza mikono yote miwili, mpaka viwiko. Na usipige kelele, kuna wenzako kwenye foleni."

Sikuwa na mpango wa kupiga kelele. Mimi hata nikikanyagwa mguu, anayesema samahani ni mimi. Nikaingiza mikono kwenye ndoo ya Fundi Ambakisye, baridi ikanipanda mpaka kwenye meno.

Digrii tatu. Ndivyo maji yalivyo chini kabisa ya ziwa la Ilunda, na ndivyo Fundi anavyoyaweka kwenye ndoo yake, kwa barafu na kipimajoto. Hakubali mtu achague glavu kwa kuziangalia. Kwenye chumba chake zimening'inia kwenye kamba kuanzia dirishani mpaka mlangoni, nyeusi, nene, nyembamba, mikono mitupu imeinamisha vidole kama wanafunzi waliopewa adhabu. Ndani ya ndoo ameweka punje kumi za maharage na kamba yenye fundo. Unatakiwa uokote punje zote na ufungue fundo kabla hajamaliza kuimba mapambio matatu. Saa anayo, ila anasema saa haina huruma. Sauti yake nayo haina.

Nilianza na glavu za mpira mnene, milimita saba.

"Kunja ngumi," akasema Fundi. Nikakunja. "Zinabana?"

"Hapana, Fundi."

"Muongo. Nimeona vidole vyako vilivyogoma. Tusekile, glavu haina haja ya heshima zako. Ikibana, damu inakasirika inarudi mwilini, mkono unabaki peke yake huko chini. Nitakuuliza tena siku nyingine. Siku hiyo unijibu kama mtu."

Nyuma yangu Faidesi akacheka. Faidesi ndiye mwenzangu wa kuzama, tunasoma naye darasa moja, na anaongea kwa ajili yetu wote wawili. "Fundi, huyo hata nyoka akimuuma atamwambia karibu tena."

Fundi akaniletea saizi kubwa zaidi. Mikono ikapata joto zuri tu, lakini vidole vikawa ndizi mzuzu. Mapambio matatu yaliisha, punje mbili, fundo halijaguswa. Akanipa za vidole vitatu, zile tunaziita makucha, ambazo vidole vinalala viwili viwili kitanda kimoja vipeane joto. Punje nne. Akanipa kavu, zenye pete ngumu inayobana kwenye mkono wa nguo ya kuzamia, na soksi ya sufu kwa ndani. Hizo nilizipenda. Punje nane! Ila fundo nililipapasa kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni huku kavaa blanketi.

"Na kavu ikitobolewa na mwiba mmoja tu," akasema Fundi, "umevaa ndoo mkononi. Haya. Jiko lako liko wapi?"

"Lipo hapa, halijazimika," akajibu Bibi kutoka kwenye kigoda.

Jiko ni yule anayebaki nchi kavu. Glavu pacha huja jozi mbili. Jozi moja anavaa mzamiaji, nyembamba kama ganda la kitunguu, unahisi kila kitu. Jozi ya pili anavaa jiko. Zile za juu zinanyonya joto kwenye mikono ya jiko, za chini zinalitema kwenye mikono ya mzamiaji, na kwenye kifundo cha mkono kuna pete ya kufungulia na kufunga. Basi. Haitumii betri kubwa, haitumii maji ya moto. Fundi husema kila mara: joto halitengenezwi, linahamishwa tu, na anachopata huyu kimetoka kwa yule.

Bibi akavaa zake haraka, amegeukia ukutani. Nikazungusha pete.

Sijui niseme ilikuwaje. Ni kama mtu kaniwekea kikombe cha chai katikati ya kiganja, ndani, chini ya ngozi. Maji ya ndoo yalikuwa yaleyale ya digrii tatu lakini vidole vyangu havikuwa na habari.

"Imefika?" Bibi akauliza.

"Imefika, Bibi."

"Ina sukari?"

Watu wakacheka. Mimi niliokota punje kumi na nikalifungua fundo, na Fundi alikuwa bado yuko pambio la pili. Hakufurahi kama nilivyotegemea. Alimtazama Bibi, akajikuna shingo. Fundi huwa amevaa glavu za sufu za kijivu muda wote, ndani na nje, mpaka akila. Sijawahi kuiona mikono yake.

"Bi Enesi," akasema polepole, "huu ni mwaka wa ngapi ukiwa jiko?"

"Wa kumi na mbili. Unahesabu umri wangu, unataka kuoa?"

"Nahesabu vidole."

Bibi akainuka. "Vipo kumi. Andika jina la mtoto."

Kaka yake Faidesi, Lugano, alikuwa mlangoni anakula kiazi cha kuchoma. Yeye ndiye jiko la Faidesi, ana kifua kama kabati. Akasema, "Bibi, mimi ninalo joto mpaka linamwagika. Niache nimsaidie na huyu Tuse."

"Joto la nyumba halitoki nje," Bibi akamjibu, na hapo hakuna aliyeongeza neno, maana huo ndio msemo wetu Ilunda. Kila nyumba na mzamiaji wake, kila nyumba na jiko lake.

*

Nyumbani kwetu aliyebaki wa kuwa jiko alikuwa Bibi tu. Baba anafunga mitambo ya upepo Singida, anarudi Desemba. Mama ndiye aliyekuwa mzamiaji, miaka kumi na moja, kila Jumamosi anasafisha mabomba ya baridi, na jiko lake siku zote alikuwa Bibi. Sasa Mama ana mimba ya miezi minane. Hawezi kuzama, na mjamzito haruhusiwi kutoa joto. Kwa hiyo Siku ya Mbegu mwaka huu nilikuwa mimi na Bibi.

Na mwaka huu haukuwa wa mchezo. Mvua ya msimu uliopita iliozesha maharage yetu yote shambani, hatukubaki hata na punje ya kuchezea bao. Yaliyobaki duniani ya aina ile, mekundu yenye kijicho cheupe, yalikuwa kwenye chupa yetu chini ya ziwa.

Mbegu zilihamia ziwani zamani, wakati joto lilipopanda mpaka huku kwetu milimani na maghala yakaanza kuua mbegu. Wazee wakalaza mabomba ya baridi chini, wakaweka rafu, wakazungushia kizimba. Mara moja kwa mwaka mitambo inapumzishwa, kizimba kinafunguliwa saa moja asubuhi, kinafungwa saa tano. Katika saa hizo nne kila nyumba inapandisha chupa yake, inatoa nusu ya mbegu, inarudisha nusu. Ukichelewa, tuonane mwakani.

Wakati fulani mashine ya wezi iliwahi kuingia. Tangu hapo chupa inakaa ndani ya wavu, na mdomo wa wavu unafungwa kwa fundo la nyumba husika, nchi kavu, kwa mikono ya mkubwa wa nyumba. Wavu ukishabanwa kwenye rafu haubanduki tena mpaka chupa itoke. Chupa inatoka kwa njia moja tu, kulifungua fundo, gizani, kwa kupapasa. Mashine hazijui kupapasa. Na mtu hagusi fundo la nyumba nyingine, hiyo ni kama kufungua sufuria la jirani.

Jioni ile nilimkuta Bibi jikoni na Mama, kuna moto mzuri, nje nyasi zimeanza kuwa nyeupe kwa baridi ya Juni. Ndoo yake ya Siku ya Mbegu ilikuwa tayari, na kanga ya kufunikia juu yake. Mwaka jana ndipo alipoanza hayo. Alienda na chupa nyuma ya pipa pale ufukweni, akarudi imeshafungwa, imefunikwa kanga ndani ya ndoo, akasema mbegu haitakiwi kutazamwa na jua. Hakuna aliyewahi kusikia kitu hicho. Lakini Bibi anavyosema mambo! Mwaka huu nusu ya kijiji walikuwa wamenunua kanga.

"Mke mwenzangu," akaniita. Ananiitaga hivyo tangu enzi za Babu. "Njoo unifunge kifungo cha sweta. Mikono yangu leo ina uvivu."

Nikamfunga. "Nionyeshe tena fundo letu, Bibi."

"Si unalijua?"

"Nataka nilione unavyolifunga."

Akaingiza mikono kwapani. "Unapitisha juu, unazungusha mara mbili, sikio la kwanza, unarudi, la pili, unakaza, la tatu. Masikio matatu kama sungura aliyekosewa kuumbwa. Haya, funga wewe nione."

Nikafunga. Akasema vizuri. Akanyoosha mkono achukue kikombe chake cha chai, na nikaona hakukishika na vidole. Alikikumbatia kwa viganja viwili, kama mtoto anayekamata kifaranga.

"Bibi, mikono inauma?"

"Mikono ya kizee hii, unataka iimbe?"

"Ni glavu?"

Mama akaacha kukoroga. Bibi akacheka, ile ya kuonyesha pengo lake la mbele. "Ni umri! Kwani Babu yako alivaa glavu? Na goti lililomtesa je, lilikuwa jiko la nani? Acha hizo. Kesho nakupa joto la kukaangia samaki."

Bibi alipoenda kulala nilibaki na Mama. Nikamwambia nitatumia kavu.

"Ukitumia kavu utalifungua fundo?"

"Sijui."

"Unajua. Ulipata punje nane na kamba ikabaki." Mama akashika tumbo lake, mtoto alikuwa anapiga teke. "Na utamwambiaje? Kwamba humtaki? Tuse, yule mwaka mzima anasubiri kuvaa zile glavu. Wenzake wanakaa kibarazani kuhesabu kuku. Yeye anajua bila yeye hakuna mtu anazama nyumba hii. Ukimnyang'anya hilo umempunguzia maumivu, ndiyo, lakini umemwachia nini?"

Kama ningekuwa mtu wa maneno ningemuuliza: na nikimwachia, je, ninamla? Maana ndivyo ilivyo, eti. Namla Bibi kidogokidogo, na yeye anashangilia.

*

Asubuhi ziwa lilikuwa linafuka moshi kama sufuria. Kijiji kizima kilikuwa ufukweni na masweta yake na viazi vyake, majiko yamepangwa kwenye benchi refu, glavu mikononi, kila mmoja anajivunia mzamiaji wake. Bibi alikuwa amekaa mwanzo kabisa wa benchi, amejipaka mafuta usoni.

"Ukiona samaki mwambie anisubiri," akasema, na mimi nikazungusha pete, chai ikanijaa mikononi, nikaingia majini.

Niseme ukweli, chini ya maji ndiko ninakokupenda. Hakuna anayekuuliza mbona huongei. Wote mna mpira mdomoni, wote ni wapole. Faidesi peke yake ndiye anayeweza kuongea hata huko, kwa tochi na mabega.

Tulishuka na kamba ya njia. Mita tano, kumi, ishirini. Kwenye kumi na nane kuna mahali ambapo maji yanabadilika ghafla, baridi inakupiga kwenye paji la uso kama mtu aliyefungua friji. Hapo ndipo nilipoziamini glavu. Uso unauma, masikio yanauma, mikono inakunywa chai.

Ndani ya kizimba tope lilikuwa limeshatimuliwa na waliotangulia, tochi haikufaa kitu. Faidesi akafungua fundo la kwao haraka, nikasikia akigonga chupa yake kwa furaha, ngo ngo ngo. Mimi nikahesabu rafu kwa mkono. Ya tatu, wavu wa saba. Nikapata kibati chenye alama yetu. Nikashuka na vidole mpaka kwenye fundo, nikatafuta sikio la kwanza.

Halikuwepo.

Nikarudi kwenye kibati. Ni chetu. Nikapapasa tena. Hapakuwa na masikio matatu. Palikuwa na kitu kama kamba za viatu za mtoto wa chekechea, kitanzi kimoja kikubwa kimoja kidogo, halafu limeongezewa fundo juu ya fundo, limevutwa limekaa upande. Na kamba yenyewe ilikuwa na mabonde madogomadogo. Glavu pacha zinahisi mpaka unywele. Mabonde yalikuwa yamejipanga mstari, tap tap tap, halafu sehemu laini haina kitu, halafu tap tap.

Meno. Na katikati pengo.

Nilikaa pale nimeshika ile kamba, mapovu yananipita masikioni. Nyuma ya pipa! Ndoo! Kanga! Nusu ya kijiji wanafunika chupa zao na kanga kwa sababu bibi yangu alishindwa kufunga fundo lake mwenyewe, na akaona bora atunge dini nzima kuliko kumwambia mtu.

Nilitaka kucheka na nikawa nalia, na kwenye miwani ya kuzamia hayo yote mawili ni usumbufu. Na muda wote huo joto linakuja. Hapo juu yuko benchini anatoa, anatoa, anauliza watu kama lina sukari. Kila sekunde niliyokaa kuwaza ilikuwa inatoka kwenye vidole vyake.

Nikazungusha pete. Nikaifunga.

Baridi haikuja taratibu. Iliingia kama maji kwenye kiatu. Nikaanza kulifungua lile fundo haraka, kitanzi kidogo kikatoka, la juu likalegea, halafu kidole changu cha shahada kikasahau kazi. Kikafuata cha kati. Baada ya muda nilikuwa nalisukuma fundo kwa viganja, namna ileile Bibi anavyoshika kikombe. Nikajiona mjinga mkubwa. Nimemwokoa Bibi, nimeua maharage.

Faidesi akanimulika karibu kabisa na mkono. Akaona pete imefungwa, akanyoosha mkono aifungue, nikamzuia. Akainua mabega: una kichaa? Nikatikisa kichwa. Siwezi kueleza mambo nikiwa nchi kavu, itakuwa pale?

Akafanya kitu ambacho sikumwomba. Aliweka chupa yake kwenye mfuko, akachukua mikono yangu miwili, akaifumbata ndani ya glavu zake. Fundo hakuligusa. Alinishika tu mikono, akafungua pete zake mpaka mwisho.

Joto la Lugano halikuwa chai. Lilikuwa uji wa moto umemwagwa kutoka juu, halina adabu hata kidogo. Vidole vyangu vikaamka kimoja kimoja vikilia kwa maumivu. Nikahesabu mpaka sitini. Nikarudi kwenye fundo, vuta, legeza, vuta, na kamba yenye meno ya bibi yangu ikatoka mkononi mwangu kama mlenda.

*

Juu kulikuwa na kelele mbili kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ya Lugano. Alikuwa amejifunika blanketi, kiazi kimeanguka chini, meno yanagongana. "Faidesi! U-u-mekula nini huko? Nimegandishwa kama samaki wa dukani!"

Ya pili ya Bibi. "Nani kafunga pete? Nimekaa hapa na mikono ya moto kama mjinga! Glavu zimeharibika? Fundi!"

Fundi Ambakisye alishakuja, ametazama pete yangu, ametazama ya Faidesi, amemtazama Lugano anavyotetemeka. Mzee si mjinga.

"Huyu amepewa joto la nyumba nyingine," akasema.

Benchi zima likaacha kutafuna. Unajua ule ukimya wa watu wengi wenye viazi mdomoni? Faidesi akafungua mdomo anitetee, kama kawaida yake. Nikamshika mkono. Sijui hata ujasiri huo niliupata wapi.

"Ni mimi nilifunga," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. Nikarudia. "Ni mimi nilifunga pete. Bibi, samahani. Fundo la mwaka jana ulilifunga kwa meno."

Bibi akafumba mdomo wake, pap, kama droo.

"Pengo lako liko kwenye kamba," nikasema. "Huwezi kufunga kifungo. Huwezi kushika kikombe. Si umri. Mama Mkubwa wa pale kanisani anakuzidi miaka minane na anafuma. Ni sisi. Ni Mama na sasa ni mimi. Joto lako ni tamu, Bibi, lakini sitaki tena kulinywa peke yangu mpaka liishe."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu, na baada ya hapo nilitamani nirudi chini kwenye tope.

Aliyejibu alikuwa Fundi. Alivuta glavu yake ya sufu, ya kulia, kwa meno. Halafu ya kushoto. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kama mizizi ya tangawizi.

"Miaka tisa nilikuwa jiko la marehemu mke wangu," akasema. "Tangu Januari jirani ndiye ananifunga vifungo. Najua tatizo ni nini. Nilitakiwa niseme, mimi ndiye fundi. Niliona aibu." Akanitazama. "Inaonekana tuko wengi."

"Kwa hiyo tufanyeje?" mtu akauliza kutoka benchini. "Tusizame?"

"Pete moja inaweza kupokea hata glavu mia," Fundi akasema. "Ilitengenezwa hivyo. Kila mtu akitoa kiasi kidogo, hata kikohozi hupati. Ni sisi wenyewe tuliosema nyumba moja, jiko moja. Glavu haijawahi kusema."

"Basi mimi ndiyo nimestaafishwa," Bibi akasema. Alikuwa anaangalia ziwa. Ndicho kitu alichoniogopesha nacho Mama, na sikuwa nimejiandaa.

Lugano akatoa kichwa kwenye blanketi. "Bibi, kumbe hii shughuli ni ngumu hivi? Dakika moja tu nimeona mababu zangu. Wewe miaka kumi na mbili! Nani mwingine atatufundisha kukaa kwenye benchi hili?"

Bibi akamgeukia. Nikaona pengo linaanza kuchungulia.

"Kwanza," akasema, "jiko halili kiazi wakati wa kazi. Ndiyo maana umeganda."

Ilikuwa saa nne kasoro. Nusu ya maharage ilishamwagwa kwenye kapu, mekundu na vijicho vyao, na nusu ilitakiwa irudi chini na fundo lake. Watu walikuwa wameanza kuunganisha glavu, Fundi anapita na bisibisi katikati ya viganja, Bibi anapita nyuma yake anamkaripia kila mtu akae wima. Alikuwa ameruhusiwa glavu moja tu, ya kushoto. Alibisha, akapewa hiyohiyo.

Kisha likaja suala la fundo. Mkubwa wa nyumba ndiye anayefunga. Nikamwona Bibi anaitazama ndoo, anaitazama kanga, anatazama pipa. Nikashika kanga kabla yake, nikajifunga mabegani. Baridi ilikuwepo, si uongo.

"Mke mwenzangu, wewe ni mchawi," akaninong'oneza.

Akakaa chini palepale, mbele ya kijiji chote, akaweka chupa katikati ya magoti, akachukua ncha moja ya kamba kwa kiganja na nyingine kwa meno. Akavuta. Akazungusha kichwa. Akavuta tena. Watu wakanyoosha shingo.

"Mnashangaa nini?" akasema, kamba ikiwa mdomoni. "Hamjawahi kuona meno?"

Wakalipuka. Lugano alicheka mpaka akapata joto lake lote. Na wale wamama wenye ndoo za kanga nikawaona wanazifunua taratibu, mmoja mmoja, wanaangalia pembeni.

Fundi akanivisha glavu. Alifanya kwa shida, kwa viganja, sikumharakisha. "Kunja ngumi," akasema. "Zinabana?"

Nikafikiri. Watu arobaini walikuwa wamekaa kwenye baridi kwa ajili ya mikono yangu.

"Gumba la kushoto," nikasema. "Linabana. Sana."

"Ahaa!" Fundi akapiga kelele kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Akanibadilishia.

Nilizungusha pete nikiwa nimeshafika kwenye mita kumi na nane, pale friji inapofunguka. Hii haikuwa chai wala uji. Ilikuwa kama kuzamisha mikono kwenye mahindi yaliyoanikwa juani mchana kutwa, punje nyingi, kila moja na joto lake dogo, huwezi kusema hili la nani. Isipokuwa moja. Kwenye mkono wa kushoto, katikati ya joto lote lile, kulikuwa na moja linalokuja na kukatika, la mtu anayeminya kiganja, anaachia, anaminya, kuniuliza kama imefika na kama ina sukari.

Nikaubana wavu kwenye rafu ya tatu. Nikapapasa mara moja kuhakikisha. Tap tap tap, pengo, tap tap.

Hiyo ndiyo alama ya nyumba yetu sasa. Nikaminya mkono wa kushoto mara mbili kumjibu, nikaanza kupanda.